Pave hazihami zenyewe, tunazihamisha sisi

MVUA za Aprili zikishapita, hebu tembea katika vituo vyetu vya biashara, kuanzia Nyanza-Lac, upite Rumonge hadi Bujumbura. Utakuta jambo linalojirudia kila mwaka. Mbele ya duka, kwenye uwanja wa ghala, au nje ya nyumba ya mtu aliyejinyima miaka ili aitengeneze, pave zilizotandikwa juzi tu zimeachana kama meno ya mzee. Nyingine zimezama, nyingine zimeinua pembe, na katikati pamekuwa dimbwi ambalo bata wanaogelea.

Mwenye nyumba ukimuuliza atakwambia pave ni mbovu. Fundi ukimuuliza atakwambia lori ni zito. Dereva naye atasema mvua mwaka huu ilizidi. Kila mmoja ana wa kumlaumu, na pesa zimeshazama.

Ndugu msomaji, nimeamua kushika kalamu kwa sababu kazi hii ndiyo inayonilisha, na kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa mkosaji. Sisemi haya kama mtu aliyekaa pembeni na kuwanyooshea wenzake kidole.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wafanyabiashara wanaovuka Manyovu au Kabanga wanajua kwamba ndugu zetu wa Tanzania wanaita vitofali vya pevingi. Aliyefika Nairobi amesikia kabro. Sisi huku tumezoea neno la Kifaransa, pave. Majina ni matatu lakini kitu ni kile kile, tofali dogo la zege au jiwe lililochongwa, linalopangwa chini bila kuunganishwa kwa saruji. Na ugonjwa wake ni mmoja katika nchi zote hizo: kuhama.

Kazi hii nilijifunza Kigoma. Tulikimbia mwaka 1993 nikiwa kijana, na kama wengine wengi nilikulia kambini. Nilikuwa nikipata kibali, natoka na kumsaidia mzee mmoja fundi aliyekuwa akitengeneza viwanja vya maduka mjini. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini tunachimba siku nne na kupanga pave siku moja. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ng'ombe ana miguu, akasema: "Kijana, pave haikimbii yenyewe. Inasukumwa. Ukijua nani anaisukuma, umeshakuwa fundi."

Nilicheka wakati ule. Nilikuja kuyaelewa maneno hayo baada ya kurudi nyumbani mwaka 2008, na niliyaelewa kwa gharama.

Huko Rumonge kulikuwa na mama mmoja, mrejeaji kama mimi, aliyekuwa akifanya biashara ya mawese. Ananunua kwa wakulima, anajaza madumu, wateja wanakuja na magari. Kiwanja chake alikipata baada ya kuhangaika sana, na wanaorejea wanajua maana ya neno hilo kuhangaika. Mbele ya ghala palikuwa na tope jekundu tupu. Mvua ikinyesha wateja wanakwenda kwa jirani mwenye sakafu. Akaweka akiba kidogo kidogo, safari baada ya safari, hadi akapata pesa za kutandika pave uwanja wa mita 10 kwa 6.

Nilipompa hesabu, alishika kichwa. Akaniambia, "Kaka yangu, sote tumetoka kule kule. Nisaidie, punguza." Nami nikapunguza. Nilipunguza wapi? Siyo kwenye pave, maana hizo angezihesabu. Nilipunguza kwenye kifusi cha chini, na nikaondoa ukingo wa zege wa pembeni. Nilijiambia kwamba udongo wenyewe utashika. Kazi ilipokwisha ilipendeza, watu wakaja kupiga picha, nikapata wateja wengine wawili hapo hapo.

Haikumaliza masika moja. Lori la mawese lilikuwa likiingia na kukata kona mahali pale pale kila siku. Mstari wa mwisho, ambao haukuwa na kitu cha kuuzuia, ukaanza kusogea kuelekea kwenye mtaro. Ulipofungua nafasi ya kidole, wa pili ukaufuata, kisha wa tatu. Mchanga ukatoka, maji yakaingia, udongo wa chini ukawa uji. Siku moja mama mkwe wake, bibi wa makamo ya kuheshimiwa, akakanyaga pave iliyokuwa ikicheza, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono.

Yule mama hakunitukana. Alinipigia simu, nikaenda, akanionyesha uwanja, kisha akanipeleka ndani kumsalimia bibi aliyekuwa amefungwa bandeji. Tulipotoka akasema, "Mimi nilikuomba upunguze bei. Sikukuomba upunguze ukweli." Ningependa angenipiga kofi. Tuliing'oa kazi yote, nikairudia, nusu ya gharama nikabeba mimi. Miezi minne sikupata faida hata ya sabuni. Ile kazi ya pili, hata hivyo, ipo mpaka leo, na malori yanaingia.

Kutokana na kisa hicho ndipo ninasema kwamba pave hazihami zenyewe. Zinasukumwa na watu watatu: gurudumu, maji, na ubahili wetu. Wawili wa kwanza wanafanya kazi waliyoumbiwa. Wa tatu ndiye wa kushtakiwa.

Tuanze na gurudumu. Watu wengi wanadhani pave inakaa kwa sababu ni nzito. Si kweli. Tofali moja la sentimita 10 kwa 20 mtoto wa darasa la tatu analibeba. Linakaa kwa sababu limebanwa na wenzake. Gari likikanyaga moja, mchanga uliojaa kwenye nafasi nyembamba kati ya tofali na tofali unaugawa uzito ule kwa majirani, na majirani kwa majirani zao. Ni kama watu waliosimama wamebanana kwenye basi: dereva akifunga breki, hakuna anayeanguka, maana kila mmoja amemwegemea mwenzake. Lakini wote wanategemea ukuta wa basi. Fungua mlango, wa mlangoni anatoka, na nyuma yake wanafuata wote.

Ukingo wa zege ndio ukuta wa basi. Bila huo, uwe umetandika pave za aina gani, zitatembea. Na ukingo siyo kumwaga saruji kidogo juu ya udongo. Unakaa juu ya zege, na nyuma yake unaegemezwa zege, ili ukisukumwa usilale. Katika uwanja wa yule mama, upande mmoja ulikuwa na ukuta wa ghala, kwa hiyo tulihitaji mita 22 tu za ukingo. Mita 22! Hizo ndizo nilizoziondoa nikaharibu mita za mraba 60.

Hata mpangilio una neno. Pave zikipangwa kwa mistari iliyonyooka, gari linalofunga breki au kukata kona linausukuma mstari mzima kwa urahisi. Zikipangwa kwa mtindo wa zigizaga, ule unaofanana na mfupa wa samaki, kila tofali linamzuia mwenzake kutoka pande mbili. Kwa njia ya miguu panga upendavyo. Mahali pa gari, usikubali mistari iliyonyooka hata kama inapendeza. Aidha, kwa watembea kwa miguu na gari dogo, pave ya unene wa sentimita 6 inatosha. Pakiwa na malori, dai ya sentimita 8.

Msukumaji wa pili ni maji. Maji yakikaa chini ya pave, udongo unalainika na uzito wa juu unauzamisha. Yakipita kwa kasi, yanachukua mchanga na kuacha pango. Sehemu za bonde letu la Imbo zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na udongo wa namna hiyo ukiachwa chini ya pave utazipandisha na kuzishusha kila msimu. Wakazi wa kando ya Ziwa Tanganyika hawahitaji kufundishwa: mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia mitaani, waliona wenyewe maji yanavyoweza kuharibu kilichojengwa kwa miaka.

Dawa yake inajulikana. Chimba uondoe udongo wa juu wenye mizizi na ule unaovimba. Jaza kifusi cha kokoto na moramu, sentimita 10 kwa njia ya miguu, 15 hadi 20 kwa gari dogo, na zaidi ya hapo pakipita malori. Usikimwage chote kwa pamoja. Mwaga tabaka la sentimita 10, lowesha kidogo, shindilia mpaka kisigino kisiache alama, ndipo uongeze jingine. Mteremko uanzie huko huko chini, sentimita 2 kwa kila mita moja, ukielekea mbali na nyumba. Kwa uwanja wa upana wa mita 6, upande wa mtaro utakuwa chini kwa sentimita 12. Macho hayaoni, lakini maji yanaona.

Juu ya kifusi ndipo unaweka mchanga wa kulalia, sentimita 3 hadi 4, siyo zaidi. Hapa mafundi wenzangu tunadanganya sana. Kifusi kikiwa na mabonde, badala ya kukirekebisha tunajaza mchanga. Siku ya kukabidhi kazi uwanja unakuwa sawa kama meza, mwezi wa tatu kila penye mchanga mwingi pameshazama. Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kali zinazokwaruza, usiwe ule laini wa ufukweni unaoteleza kama unga. Usawazishe kwa ubao ulionyooka, na ukishausawazisha usiukanyage.

Ukimaliza kupanga, pitisha mashine ya kushindilia. Kisha mwaga mchanga mkavu mwembamba juu, ufagie uingie kwenye nafasi zote, shindilia tena, ufagie tena. Nafasi kati ya pave na pave iwe milimita 2 hadi 5. Baada ya wiki mbili tatu rudi ufagie mchanga mwingine, maana wa kwanza utakuwa umeshuka. Kazi hii ya mwisho haichukui hata nusu siku, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Najua msomaji mmoja ataniambia: "Mbona kwetu wanapaka saruji kwenye nafasi na zinatulia?" Zinatulia kwa muda. Pave imekusudiwa kucheza kidogo na kurudi. Ukizifunga kwa saruji juu ya msingi uliolegea, saruji inapasuka, maji yanapita kwenye ufa, na kwa kuwa juu pamefungwa hayakauki. Umeuziba mdomo wa mgonjwa badala ya kumtibu tumbo.

Mwingine atasema: "Basi tumwage zege zima, tuachane na pave." Zege zima lina mahali pake, sikatai. Lakini bomba la maji likipasuka chini yake, utaleta nyundo, na kiraka hakitafanana tena. Pave unazing'oa, unatengeneza bomba, unazirudisha zile zile. Ndiyo maana Waholanzi, waliozoea barabara za matofali ya udongo, walipokosa matofali hayo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walitengeneza ya zege badala ya kuacha mtindo wenyewe. Na ndiyo maana mitaa kadhaa ya Bujumbura imetandikwa mawe yaliyochongwa kwa mikono ya vijana wetu, kazi iliyolisha familia nyingi.

Hapo hapo, hata hivyo, pana kidonda kingine. Wanaokuja kuchimba ili kupitisha bomba au waya wanang'oa pave, wanafukia shimo kwa udongo ule ule wenye maji, wanazirudisha kama mtu anayerudisha viazi kwenye gunia, wanaondoka. Ile sehemu inazama, na kwa kuwa pave zinashikana, inavuta na za jirani. Mwezi mmoja baadaye mtaa mzima unasemekana umejengwa vibaya. Mimi nasema aliyefungua ndiye afunge, afukie kwa tabaka na ashindilie kama alivyokuta, na mwenye mtaa akague kabla hajamwachia aondoke.

Nirudi kwa msukumaji wa tatu, maana ndiye niliyemkusudia. Sisi tuliorejea, na wenzetu tunaoishi kwa kuvuka mpaka, tuna tabia moja tunayoifahamu sote. Tumeishi muda mrefu mahali ambapo hatukuwa na uhakika wa kesho. Hema halijengewi msingi. Kibanda cha mpakani, ambacho kinaweza kuhamishwa wakati wowote, hakiwekewi ukingo wa zege. Tumejifunza kununua kinachoonekana leo na kinachobebeka kesho. Ilikuwa akili wakati ule, na ilituokoa. Lakini mtu aliyepata kiwanja chake, na jina lake likaandikwa, akiendelea kujenga kama anayesubiri kuhamishwa, basi pave zake ndizo zitakazohama badala yake.

Pesa ya mfanyabiashara wa mpakani haiji kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Inakuja kwa kulala kwenye gati, kwa kubadilisha faranga na shilingi kwa hasara, kwa mzigo uliokaa siku mbili mvuani. Pesa ya namna hiyo haifai kuzikwa kwenye mchanga wa ufukweni. Ndiyo maana nawaomba wateja mfanye mambo matatu, na hayahitaji elimu ya uhandisi.

Kwanza, fanya hesabu kabla ya kumwita fundi. Pave za sentimita 10 kwa 20 zinaingia 50 katika mita moja ya mraba. Uwanja wa mita 60 za mraba unataka pave 3,000, uongeze kama 150 za kukata na kuvunjika. Kifusi cha sentimita 15 ni mita za ujazo 9 kikiwa kimeshindiliwa, kwa hiyo nunua 11 au 12, maana kinasinyaa. Mchanga wa kulalia ni kama mita za ujazo 2. Fundi akikuletea hesabu yenye pave nyingi na kifusi cha toroli chache, umeshajua anakokwenda.

Pili, kagua kabla hakijafunikwa. Usije siku ya kufagia, njoo siku ya kuchimba. Chomeka kijiti upime kina. Pitisha kamba uone mteremko. Mwaga ndoo ya maji juu ya kifusi uangalie yanakimbilia wapi. Kilichofunikwa hakina shahidi.

Tatu, pesa zisipotosha, punguza ukubwa wa uwanja, usipunguze msingi. Tandika mita 30 zenye ukingo na kifusi mwaka huu, nyingine mwakani. Pave ni kazi inayokubali kuendelezwa. Yule mama ningemwambia hivyo siku ya kwanza, bibi asingevunjika mkono. Niliogopa kumpoteza mteja, nikampa alichotaka kusikia.

Kwa mafundi wenzangu, hasa vijana: msiseme hatuna mashine. Mashine inakodishwa kwa siku moja. Mahali isipopatikana, kishindilio cha mkono, maji kidogo, tabaka jembamba na uvumilivu vinafanya kazi ya njia ya miguu vizuri kabisa. Tunachokosa mara nyingi ni ujasiri wa kumwambia mteja, "Kwa pesa hiyo siwezi." Neno hilo litakukosesha kazi moja na kukuletea kumi.

Na kwa wenye mamlaka ya masoko na vituo vya mipakani: mnapotoa kazi ya kutandika, msilipe malipo ya mwisho siku ya kukata utepe. Bakizeni sehemu mpaka masika moja yapite. Mvua haipokei chai, wala haimwonei aibu mtu. Kinamama wanaopita hapo alfajiri na beseni la dagaa kichwani hawatazami chini. Pave moja inayocheza inatosha kumwaga mtaji wa wiki nzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni toka nje, kanyaga pave ya mwisho kabisa ya uwanja wako, ile ya pembeni. Ikicheza, usingoje Septemba mvua zirudi. Ing'oe, tazama chini yake, weka ukingo. Kesho itakuwa ya pili, na keshokutwa utakuwa unanipigia simu mimi.